Haki ya Kukatazwa Upya

Nchi yenyewe siwezi kuitaja, kwa kuwa jina lake limo ndani ya faili ambalo sina ruhusa ya kulifungua. Itoshe kusema ilikuwa nchi ya amani, yenye wimbo wa taifa wa beti nyingi, na Serikali yake iliwapenda wananchi kiasi cha kumwandikia kila mmoja wao mafaili anayoweza kuyasoma, anayoweza kuyaandika, na asiyopaswa kuyagusa mpaka siku ya kufa kwake na hata baada ya hapo.

Bi Mwatumu alikuwa amekatazwa faili moja tu. Majirani walimwambia ana bahati, maana mtaani kwao kulikuwa na watu waliokatazwa kabati zima. Faili hilo lilimhusu mumewe, Shomvi, aliyekuwa msomaji wa taarifa ya habari katika redio ya Taifa. Jioni moja Shomvi alikuwa anasoma takwimu za mavuno, akafika mahali palipoandikwa kwamba kila mkulima amevuna mara sita ya alichopanda mwaka wa mvua na mara kumi mwaka wa ukame, akacheka. Hakucheka sana. Waliomsikia wanasema kilikuwa kicheko cha puani, cha mtu aliyejitahidi kukimeza kikamshinda. Kabla wimbo wa kufungia matangazo haujaisha alikuwa amekwishachukuliwa. Miezi michache baadaye askari alibisha hodi akiwa na miwani na mkanda wa suruali ndani ya mfuko wa nailoni, akamkabidhi Bi Mwatumu, akasema pole mama, akaenda zake.

Bi Mwatumu alipouliza mumewe kazikwa wapi, aliambiwa jibu limo ndani ya faili. Alipoomba kuliona faili, aliambiwa kwamba juu ya faili kuna orodha ya wanaoruhusiwa na wasioruhusiwa, na jina lake limo kwenye orodha, hilo asiwe na wasiwasi nalo, ila liko upande wa pili.

Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Hakudai fidia wala kuombwa radhi, na wala hakumtaka mtu afungwe. Alitaka kujua kaburi liko wapi aende akamsomee mumewe Yasini, kisha arudi nyumbani alale. Kila mwaka alipanda ngazi za Idara ya Ruhusa na Makatazo, akaambiwa hapana, akashuka. Mwanzoni alishuka analia. Baadaye alishuka anaona aibu. Siku hizi alishuka ameshikilia kiuno tu, kwa sababu magoti yalimuuma na hasira ilikuwa imemwishia. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe ulikuwa umezeeka pamoja naye.

*

Ikatokea kwamba Mheshimiwa Rais hakupenda tena upepo wa mji mkuu, ambao uliitwa Mji wa Chini, na Serikali ikaamua kuhamia kilimani, katika Mji wa Juu. Mafaili yote ya nchi, yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya kompyuta kubwa za Idara, yalitakiwa yanakiliwe yapelekwe huko. Kazi alipewa mkandarasi aliyekuwa shemeji wa mtu. Alinakili haraka na akasifiwa kwa wepesi wake, mpaka asubuhi iliyofuata.

Mafaili yalifika yote. Ruhusa zake hazikufika hata moja. Mkandarasi alikuwa amehamisha maneno na kuziacha zile orodha za nani asome na nani asisome kule kule Mji wa Chini, kama mtu anayehama nyumba akabeba vyombo na kusahau milango. Kwa hiyo siku hiyo kila mwananchi aliyefika kwenye dirisha la Idara, au aliyekuwa na ndugu mwenye kompyuta, aliweza kusoma kila kitu. Mfagizi wa wizara alisoma vyeti vya shule vya Waziri wake, akaanza kumwonea huruma. Mke wa Mkuu wa Majeshi alisoma orodha ya safari za kikazi za mumewe na majina ya aliosafiri nao. Wanajeshi walisoma mpango wa siri wa kuilinda nchi wakakuta ni ukurasa mmoja, wenye namba ya simu ya shirika la ndege.

Bi Mwatumu alipata habari akiwa sokoni anachagua dagaa. Aliacha kapu pale pale. Mwanamke yule ambaye kwa kawaida alipumzika kila baada ya nyumba mbili alikwenda mbio mpaka Idara na kanga imemteleza kichwani, akajiunga na foleni iliyozunguka jengo. Foleni ilisogea vizuri. Watu waliingia kimya wakatoka wengine wanalia, wengine wanacheka, na mzee mmoja alitoka akakaa chini barazani akisema tu, "Kumbe shamba ni langu." Bi Mwatumu alibakiza mtu mmoja mbele yake. Hapo ndipo Serikali, kwa kujali usalama wa Taifa, ilipokata umeme nchi nzima.

Umeme uliporudi, baada ya siku kadhaa, mafaili yalikuwa yamefutwa kule juu, mkandarasi alikuwa balozi katika nchi ya mbali, na dirisha lilikuwa na mlinzi. Bi Mwatumu alirudi sokoni kuulizia kapu lake. Usiku huo hakulala, na wala hakulia. Alikuwa anahesabu hatua ambazo angeweza kuziokoa kama angepita njia ya mtoni.

*

Waziri wa Hifadhi, Mheshimiwa Daktari Mtandika, alimwita mtaalamu kutoka ng'ambo amweleze kosa lilikuwa wapi. Mtaalamu alieleza kwa upole. Alisema faili linaponakiliwa ni lazima linakiliwe pamoja na jina la mmiliki wake na orodha yake ya ruhusa. Akasema tena kwamba hayo peke yake hayatoshi, kwa sababu majina yaliyomo kwenye orodha lazima yawe yanajulikana kule faili linakokwenda. Mashine ya ugenini ikikutana na jina isilolijua haitaliandika jina. Itaandika namba tupu, na hakuna atakayejua tena ni ya nani.

Mtaalamu alimaanisha majina yasajiliwe kwenye mashine mpya, kazi ya mchana mmoja. Lakini Waziri alikuwa mtu wa kufikiri kwa mapana. Jioni ile ile alihutubia Taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumeambiwa na wataalamu kwamba majina lazima yajulikane kule yanakokwenda. Sasa mimi nawauliza, jina litajulikanaje bila mtu wake? Ruhusa si karatasi. Ruhusa ni mtu. Na mtu hanakiliwi, mtu anapakiwa."

Akaamuru kwamba kila aliyetajwa katika orodha ya faili lolote asafiri na faili lake mpaka Mji wa Juu, akaonyeshwe kwa mashine. Asiyefika atageuka namba, na Serikali haitalaumiwa. Mwandishi mmoja, ambaye sasa hafanyi tena kazi hiyo, aliuliza kama na waliokatazwa watasafiri. Waziri alitabasamu, kwa maana swali hilo alikuwa amelingoja.

"Tukiwahamisha walioruhusiwa peke yao tutakuwa tumewabagua waliokatazwa," alisema. "Serikali hii haibagui. Kila aliyekatazwa katika Mji wa Chini ana haki ya kukatazwa katika Mji wa Juu, kwa kiwango kile kile, na bajeti ikiruhusu, kwa ubora zaidi."

Waandishi walipiga makofi. Kwa mujibu wa orodha yao, hiyo ndiyo ruhusa pekee waliyokuwa nayo ndani ya ukumbi ule.

*

Mjumbe wa mtaa alimletea Bi Mwatumu taarifa siku ya Ijumaa. Alimpongeza. Alisema si kila mtu anakumbukwa na Serikali, na kwamba chakula cha njiani kipo.

Mwanawe, Rehani, aliyekuwa amekuja kumsaidia kufua, alianika nguo zote kwanza. Naye alikuwa amelirithi katazo hilo, kwa kuwa katika nchi ile makatazo ya mzazi yalishuka kwa mtoto yenyewe bila kuombwa, na watoto wake wawili walikuwa wamelikuta tayari kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Sheria ilisema aliyerithi si lazima asafiri, aliyetajwa kwa jina ndiye asafiri.

"Mama, usiende," alisema mwishowe. "Hawakuiti uende ukaambiwe. Wanakuita uende ukakataliwe."

"Najua, mwanangu. Ila miaka yote nimekuwa nikikataliwa kwa nauli yangu. Safari hii wanalipa wao."

Rehani hakucheka. Alimuuliza mama yake anakwenda kutafuta nini hasa, kwa umri ule na magoti yale. Bi Mwatumu alikaa kwenye kibao cha mbuzi akafikiri. Alisema anaogopa kugeuka namba. Jina lake likitoka kwenye lile faili, faili litabaki halina mtu yeyote duniani anayelihitaji, na hapo Shomvi atakuwa amekufa mara ya pili. Kukatazwa ndiko kulikokuwa kumebaki kati yake na mumewe. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kisha akaomba chai.

*

Msafara ulikuwa wa mabasi mengi, na kila basi lilipangwa kama orodha inavyopangwa. Mbele, kwenye viti vya kulala, waliketi wenye ruhusa zote. Baadhi yao walikuwa marehemu wa siku nyingi, lakini hakuna aliyewafuta, kwa hiyo picha zao ziliwekwa vitini zikafungwa mikanda na kupewa maji ya chupa. Nyuma yao walifuata wenye ruhusa ya kusoma bila kuandika, ambao walinyang'anywa kalamu mlangoni. Kisha wenye ruhusa ya kuandika bila kusoma. Hao walikuwa wabunge. Waliokatazwa walikaa nyuma kabisa, juu ya injini.

Jirani yake Bi Mwatumu alikuwa mzee aitwaye Gwao, mchangamfu, aliyekatazwa faili la kuzaliwa kwake mwenyewe. Kwa sababu hiyo Serikali haikumruhusu kujua ana umri gani, na hajapata kustaafu. Bado alikuwa tarishi. Alimuuliza Bi Mwatumu amekatazwa nini, kama watu wanavyoulizana ni wa kabila gani. Bi Mwatumu alimwambia. Gwao aliacha kutafuna, akamsogezea upande wa kiti usio na joto.

Jambo moja lilimuumiza Bi Mwatumu njiani, naye hakulitarajia. Kila kituo walichopita, kila uwanja wenye nyasi na kila ukuta, macho yake yaliukagua kama unaficha kaburi. Alikuwa amefanya hivyo tangu Shomvi achukuliwe, bila kujua. Hakuna mahali katika nchi ile alipowahi kupatazama tu, kama watu wengine wanavyotazama.

*

Katika Mji wa Juu walipokewa kwa ngoma na kuingizwa kwenye jengo jipya linalonukia rangi. Kazi ilikuwa imegawanywa. Walioruhusiwa walikwenda ghorofani kuthibitisha kwamba mafaili yanafunguka, na waliokatazwa wakashuka chini kuthibitisha kwamba hayafunguki. Picha za marehemu zilipandishwa kwa lifti.

Huko chini mambo yalikuwa yameharibika siku moja kabla. Wale wa msafara uliotangulia waliketishwa mbele ya mashine wakabonyeza, wakaandikiwa kwamba hawaruhusiwi, wakagongewa muhuri, kisha ikagundulika kwamba walikuwa wamekatazwa mafaili yasiyo yao. Fundi cherehani mmoja alikuwa amekatazwa mkataba wa bandari huku mkataba wa bandari wenyewe ukifunguka kwa mtoto wa shangazi yake. Waziri alikasirika sana. Alitoa waraka usiku ule ule, nao ulibandikwa kila mlango, ukisema kwamba hakuna mwananchi atakayekatazwa kitu asichokijua. Kila aliyekatazwa ana haki ya kusomewa kwa ukamilifu kile ambacho haruhusiwi kukisoma, mpaka aelewe, ndipo akatazwe. Wafadhili waliupongeza waraka huo wakausifu kwa uwazi wake. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu watu walikuwa na usingizi.

Bi Mwatumu aliitwa chumba cha Mkatazaji Daraja la Pili, Bwana Lugendo. Alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekataza watu wengi na sauti ilikuwa imemkauka. Hakunyanyua uso. Alimwonyesha kiti, akavuta faili kwenye mashine yake, akathibitisha jina, akaanza kusoma kwa mwendo wa mtu anayetaka kwenda kula.

"Wewe, Mwatumu binti Hamadi, mjane wa Shomvi Ndaro, huruhusiwi kujua kwamba mumeo alifariki kwa homa katika kambi ya Mawe Mawili. Huruhusiwi kujua kwamba alizikwa Kwamkembe, nyuma ya kituo cha kusukuma maji, upande wa ukutani, penye jiwe lililopakwa chokaa. Huruhusiwi kujua kwamba kila jioni alikuwa akiwasomea wafungwa wenzake taarifa ya habari aliyoitunga mwenyewe, na kwamba walikuwa wakicheka. Huruhusiwi kujua kwamba mpaka siku za mwisho aliulizia kama mkewe atapelekewa miwani yake. Umeelewa?"

Bi Mwatumu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jambo alilolitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi lilikuwa limesemwa upesi upesi, katikati ya kikohozi, na aliogopa kwamba akipumua litatoka. Kichwa chake hakikuwa kile cha ujana. Siku hizi alitumwa chumvi na nafsi yake mwenyewe akarudi na kiberiti.

"Sijaelewa, mwanangu," alisema. "Nisomee tena."

Bwana Lugendo alishusha pumzi akasoma tena, kwa mwendo ule ule. Alipofika kwenye kituo cha maji aliona midomo ya yule mama inamfuata. Akasita. Akatazama waraka wa Waziri mlangoni, kisha akatazama kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisikia alichokuwa anakisema. Uso ulimbadilika. Alinyanyuka, na Bi Mwatumu akajua kwamba sasa ndipo mlinzi anaitwa, na kwamba atasahauliwa humo chini mpaka Kwamkembe imtoke kichwani.

Lugendo aliufunga mlango akarudi kuketi.

"Umeelewa sasa, mama?" aliuliza.

"Bado. Nisomee mara moja tu ya mwisho, taratibu. Nisije nikayajua kwa bahati mbaya."

Akamsomea taratibu. Alisoma kama zilivyokuwa zikisomwa habari zamani, kila neno na mahali pake, na alipofika penye wafungwa waliocheka alipumzika kidogo. Bi Mwatumu alikuwa analia waziwazi, machozi yakimdondokea kwenye kanga, na hakuyafuta. Aliposema ameelewa, Lugendo alimgeuzia mashine. Bi Mwatumu alibonyeza faili la mumewe kwa kidole chake, na kwenye kioo yakaandikwa maandishi mekundu kwamba haruhusiwi. Lugendo alimgongea muhuri wa kuthibitisha kwamba katazo lake limehama salama na halikupungua kitu.

"Kwa mujibu wa utaratibu nakuuliza," alisema, akitazama pembeni. "Kuna chochote unachokijua kuhusu faili hili?"

"Hakuna, mwanangu. Mungu akuweke."

Wakati wa kurudi Waziri alisimama kwenye ngazi akatangaza kwamba zoezi limefana, kwamba hakuna hata katazo moja lililopotea njiani, na kwamba nchi jirani zimeomba kuja kujifunza. Mabasi yaliondoka yakiwa yamejaa. Bi Mwatumu alikaa mahali pale pale juu ya injini, midomo yake ikienda, na Gwao alidhani anasali. Basi lilipoteremka bondeni na kufika njia panda ya Kwamkembe, alisimama akaomba kushuka.

Dereva alishangaa. Pale hapakuwa na nyumba wala duka, ni kituo cha maji tu na nyasi ndefu. Alimuuliza ana nani mahali kama pale.

"Sijui, baba," alisema Bi Mwatumu. "Sina ruhusa ya kujua."

Akashuka polepole, akavua ndala, akashika njia ya kwenda nyuma ya kituo cha maji.